UZI: Theluji ya Minnesota ilivyonifundisha kupiga picha ndege wa ua wangu hapa Lanet

MamaKwenzi (Lanet, Nakuru)

Hamjambo wapendwa,

Jumapili iliyopita, kwenye saa tisa na nusu alasiri, mvua ya mawe ilitupiga huku Lanet kwa muda usiofika dakika kumi. Ilipokoma ua mzima ulikuwa mweupe pe, kuanzia banda la kuku hadi chini ya mparachichi. Watoto walitoka mbio na vikombe kuokota mawe. Mimi nikakimbilia kamera, nikatandika gunia barazani, nikalala kifudifudi. Baada ya robo saa hivi nikapata picha niliyoitafuta tangu nirudi nyumbani: kwenzi maridadi amesimama katikati ya weupe ule, anadonoa wadudu walioangushwa na mawe, na tumbo lake la rangi ya chungwa linawaka kana kwamba kuna taa chini yake.

Niliituma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, na tangu siku hiyo kila mtu ananiuliza niliipigaje. Nimeona nieleze hapa mara moja, kwa kirefu, maana jibu lenyewe halikuanzia Nakuru.

Nilikaa Minnesota, Marekani, miaka minne nikitunza wazee, zamu ya usiku. Nikirudi asubuhi usingizi unagoma, basi nakaa jikoni na chai yangu natazama ua wa nyuma. Majira ya baridi ua ule ni theluji tupu. Nilidhani hakuna kiumbe kinachoweza kuishi pale. Kumbe ua umejaa: kindi wa kijivu, sungura, ndege wadogo wa kila namna, na ndege aitwaye kadinali, dume, mwekundu mwili mzima, kishungi kichwani na barakoa nyeusi kuzunguka mdomo. Kadinali hahami baridi ikija. Anabaki pale pale na wekundu wake ule ule juu ya theluji. Asubuhi ya kwanza nilipomwona, chai yangu ilipoa mkononi.

Nikanunua kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 70-300, ya kuvuta vitu vya mbali. Picha za kwanza zilinivunja moyo. Theluji iliyokuwa ikiniumiza macho kwa weupe, kwenye picha imekuwa rangi ya saruji, na kadinali wangu amekuwa kama tofali lililolowa. Nikalaumu kamera, nikalaumu lenzi. Mzee mmoja niliyekuwa nikimtunza, ambaye ujanani alipiga picha sana, aliziangalia akaniambia kamera ni nzima, ila haijaambiwa kwamba kile ilichokiona ni cheupe.

Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui theluji wala mvua ya mawe. Kimeundwa kikiamini kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vyeusi na vyeupe ukivichanganya pamoja, hutoa kijivu cha wastani. Sasa theluji mpya hurudisha kati ya asilimia 80 na 90 ya mwanga unaoiangukia. Kipimo kikiona hivyo kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na weupe wote unashushwa hadi kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya + na −. Kwenye theluji nilikuwa naanzia +1, na asubuhi yenye jua na ua mweupe wote nafika hata +2. Jumapili hapa Lanet niliweka +1.3, kasi ya shata (muda ambao kamera inafungua jicho) sekunde 1/1000, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800.

Lakini theluji ina zawadi moja ambayo sikuambiwa na mtu, niliigundua mwenyewe. Siku ya kawaida mwanga unatoka juu, kwa hiyo tumbo la ndege linakuwa gizani. Theluji inaurudisha mwanga kutoka chini. Manyoya ya kifuani, mstari chini ya jicho, hata kucha za miguu, vyote vinaonekana. Ndiyo siri ya tumbo la kwenzi yule. Mawe yale yalikuwa yakifanya kazi ya theluji.

Kuna ndege anaitwa chikadii, mdogo kuliko shomoro, kofia nyeusi, mashavu meupe. Akifika kwenye mbegu za alizeti anachukua moja tu na kuondoka. Ukimwelekezea kamera pale kwenye mbegu utaambulia mkia. Nikajifunza kuchomeka tawi kavu kwenye ndoo ya mchanga, hatua mbili kutoka kwenye mbegu, na kuielekeza lenzi kwenye tawi. Karibu kila mmoja anatua hapo kwanza atazame usalama. Nilipoona hivyo nikaacha kuwafukuzia ndege kabisa. Nilikuwa nikikaa saa nzima nikitazama tawi moja.

Na kuna sababu nyingine ya kutowafukuzia. Chikadii usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kumi hivi ili asimalize mafuta aliyojiwekea mwilini mchana. Anaamka asubuhi akiba yake imekaribia kwisha. Ukimrusha mara tatu nne kwa kumsogelea na lenzi, umemla nguvu ambazo hana. Mimi nilipiga wengi wao nikiwa ndani, kupitia kioo: nasafisha kioo, nazima taa za jikoni, naisogeza lenzi hadi inakaribia kugusa kioo. Siku moja nilifungua dirisha nikidhani picha itakuwa safi zaidi. Ikawa mbaya, kila kitu kinatetema kama kinachoonekana juu ya lami ya moto, kwa sababu hewa ya joto ya ndani ilikuwa inakutana na baridi ya nje.

Mengine kwa ufupi kwa walio ughaibuni: betri hufa haraka kwenye baridi, weka ya akiba mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukirudi ndani usitoe kamera. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ungali nje, uiache saa moja au mbili ipate joto polepole, la sivyo unyevu wa hewa utafanya matone kwenye lenzi na hata ndani yake.

Karibuni maswali.

Shabab_Boda

Mama, mimi sina kamera, nina simu tu. Kuna kindi anakuja kila asubuhi kwenye ukuta wa ploti yetu. Ukuta umepakwa chokaa nyeupe na kindi anatoka mweusi tititi. Ni shida hiyo hiyo?

MamaKwenzi

Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu. Ukuta wa chokaa ni theluji yako. Mguse kindi kwenye skrini, kitatokea kijimstari au alama ya jua pembeni. Telezesha kidole juu polepole hadi ukuta uonekane mweupe kama unavyouona kwa macho. Usivute zumu ya simu, picha itajaa chenga. Kaa karibu na ukuta kabla hajafika, utulie tuli. Akikuzoea siku nne tano atakusogelea mwenyewe.

Karao_wa_Picha

Kwa nini kujisumbua? Piga ilivyo, halafu ongeza mwanga kwenye programu ya kuhariri.

MamaKwenzi

Nilifanya hivyo msimu mzima wa kwanza, ndugu yangu. Picha iliyopigwa na giza ukiipandisha baadaye, chenga zinapanda nazo, hasa kwenye manyoya meusi. Kuhariri nahariri pia, na napiga kwa mfumo wa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana, ili nipate nafasi. Lakini nafasi hiyo ni bora uitumie kwa mambo madogo.

NyarDunga (Kisumu)

Dada, nimekusoma kwa makini, nikaenda kujaribu, na nimerudi na huzuni.

Mimi nakaa karibu na Dunga. Nikianika omena nyuma ya nyumba, yangeyange wanashuka kutoka ziwani mmoja mmoja, wanatembea kwa adabu kama wageni wa arusi. Nyuma yao kuna ukuta wa mafunjo, kijani kizito karibu na cheusi. Nikasema, ndege mweupe, basi niongeze mwanga kama ulivyosema. Nikaweka +1.3. Kila yangeyange ametoka kama karatasi iliyokatwa kwa makasi. Hakuna unyoya, hakuna shingo, ni doa jeupe lenye mdomo. Picha arobaini, zote hivyo. Na alikuwepo mmoja mwenye yale manyoya marefu membamba ya mgongoni wanayoota wakati wa kuzaliana, yanapeperuka kwa upepo wa ziwa. Sijui kama atarudi.

Nimekosea wapi?

MamaKwenzi

Pole sana dada. Kosa ni langu, niliandika nusu. Ngoja nilirekebishe vizuri maana wengine wataingia shimo hilo hilo.

Usiangalie rangi ya ndege peke yake. Angalia ni nini kimejaza picha. Uani kwangu Minnesota, theluji ilijaza karibu picha nzima na kadinali alikuwa kitu kidogo katikati. Kamera iliona weupe mwingi ikapunguza mwanga, nami nikauongeza. Kwako ni kinyume chake. Mafunjo meusi yamejaza picha na yangeyange ndiye mdogo. Kamera imeona giza jingi, ikaongeza mwanga yenyewe ili mafunjo yawe kijivu. Wewe ukaongeza tena juu yake. Yangeyange akaungua mara mbili.

Pale mbele ya mafunjo punguza: anzia −1, utazame. Mafunjo yatakuwa meusi zaidi, na hilo ni zuri, yangeyange atang'aa mbele yake.

Halafu kuna kitu kwenye menyu ya kamera yako, onyo la mwanga uliozidi. Ukiliwasha, baada ya kupiga, sehemu zilizoungua zinapepesa nyeusi na nyeupe kwenye skrini. Likipepesa kwenye mgongo wa ndege, punguza tena kidogo, piga tena. Na histogramu, ule mchoro wa vilima: weupe unatakiwa ukae upande wa kulia lakini kilima kisigonge ukuta. Theluji nzuri ni kilima kilichosogea kulia na kuacha upenyo mwembamba. Yangeyange mbele ya mafunjo ni kilima kikubwa kushoto na kichuguu kidogo kulia. Hicho kichuguu ndicho cha kulinda, kile kikubwa kiache.

Kama jua ni la kudumu, bila mawingu ya kupita, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Weka kamera kwenye mfumo wa kuamua mwenyewe kila kitu. Mpime yangeyange mara moja, hakikisha manyoya yanaonekana, halafu usiguse chochote. Atembee mbele ya mafunjo, mbele ya maji, mbele ya mabati, mwanga unaomwangukia ni ule ule, na weupe wake hautabadilika.

Mimi naamini atarudi. Wakiota manyoya yale hawayapotezi kwa siku moja.

MajaniMawili (Kericho)

Nimesoma kwa heshima, lakini lazima niseme la moyoni. Mvua ya mawe ikianguka huku kwetu mimi sioni picha. Naona majani ya chai yaliyotobolewa, matawi yaliyochunwa, na wiki kadhaa bila kuchuma. Watu wa nchi nyingine hawajui kwamba vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Sisi tunajua. Tunasikia ngurumo saa nane mchana na tunanyamaza.

Mwezi uliopita baada ya mawe nilipita chini ya mti nyuma ya nyumba ambapo mnana walikuwa wamejenga. Viota saba chini. Ndani ya kimoja kulikuwa na makinda wawili, bado hawajafungua macho, wamekufa. Mama yao alikuwa juu ya tawi na utepe wa jani mdomoni, anaendelea kutazama mahali kiota kilipokuwa. Sikupiga picha. Sijui kama ningepaswa.

MamaKwenzi

Pole sana kaka. Pole kwa chai na pole kwa makinda.

Nami Jumapili ile nilipoteza miche yangu ya nyanya yote, na kifaranga mmoja. Sikuyaandika mwanzoni kwa sababu furaha ya ile picha ilinifunika. Ulivyosema ni kweli, na nashukuru umesema. Juu ya yule mnana, mimi ningepiga moja kutoka mbali, bila kusogea, kwa sababu hiyo ndiyo mvua ya mawe yenyewe kwa ndege. Lakini aliyekuwa pale ni wewe, na moyo wako ulikuambia usipige. Siwezi kukusahihisha.

Mwalimu_Shinyalu (Kakamega)

Habari zenu. Ninafundisha shule ya msingi na ninasimamia klabu ya wanyamapori. Nimewasomea wanafunzi wangu mpaka hapo kwa MajaniMawili, nao wakanyamaza darasa zima.

Niongeze mambo mawili. Huku msituni tuna mbega, mweusi mwenye joho jeupe mabegani na mkia wa pamba. Ni theluji na usiku kwa mnyama mmoja. Miaka mingi nilimpima vibaya. Sasa nalinda joho jeupe kwanza, nahakikisha nywele zake ndefu zinahesabika, na weusi nauinua baadaye kidogo nikihariri. Weusi wa mbega unavumilia kuinuliwa. Weupe ukiungua hakuna wa kuurudisha. Na subiri asubuhi yenye wingu jembamba, mwanga unakuwa laini kama uliochujwa kwa kitambaa.

La pili ni onyo. Nimeona vijana wanawapigia ndege sauti zao wenyewe kwenye simu ili watoke vichakani. Ndege dume akisikia sauti ile anadhani ameingiliwa mipaka, anaacha kulisha watoto anakuja kupigana na simu. Wengine wanakata majani yanayoziba kiota ili waone vizuri. Jani hilo ndilo mlango wa nyumba. Ukiliondoa, kunguru na mwewe nao wanaona. Tafadhali.

Na kwa wale wanaopenda barafu yenyewe: Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji kwa hadubini mwezi Januari 1885, na kabla hajafa alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Shambani kwao, kwenye banda lisilo na moto. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba hakwenda mbali na nyumbani.

Section58

Mama Kwenzi, swali gumu kidogo. Umesema ulikuwa unaweka mbegu za alizeti. Mimi niliweka ndizi mbivu juu ya nguzo kwa ajili ya ndege. Wiki ya kwanza walikuja pasa na kwenzi, nilifurahi. Wiki ya pili walikuja tumbiri sita. Sasa wanaingia jikoni, wamemparua mtoto wa jirani mkononi, na jirani haniamkii tena. Ulisema kulisha ni vizuri au vibaya?

MamaKwenzi

Pole kwa mtoto. Alipelekwa hospitalini akachomwa chanjo? Kama bado, mpelekeni leo hii, msisubiri. Mkwaruzo wa mnyama wa porini si wa kuosha tu na kunyamaza.

Sasa jibu. Minnesota mwezi Januari ardhi imeganda na theluji imefunika mbegu. Watu wengi huko hulisha ndege wakati huo, na hata hivyo kuna masharti: vyombo vinaoshwa mara kwa mara kwa sababu ndege wakilundikana sehemu moja wanaambukizana magonjwa, na chombo kinakaa karibu sana na dirisha, ndani ya mita moja, au mbali kabisa, mita tisa na kuendelea, ili ndege wasije wakaruka kwa kasi na kujigonga kwenye kioo. Niliwahi kuokota kadinali jike chini ya dirisha langu, bado ana joto. Siku hiyo hiyo nilikisogeza chombo.

Nakuru si Minnesota. Hapa chakula kipo mwaka mzima, na tumepakana na mbuga. Ndizi kwenye nguzo ni mwaliko kwa tumbiri na nyani, na tumbiri aliyezoea mikono ya watu mwishowe ndiye anayeumia. Mimi hapa sitegi chakula. Natega maji. Sinia pana ya udongo, kina cha vidole viwili, jiwe katikati la kusimamia, nabadilisha maji kila asubuhi. Januari na Februari vumbi linapojaa, sinia hiyo inaleta ndege kuliko ndizi yoyote. Na nimepanda mishubiri ukutani. Ikitoa maua mekundu, ndege wadogo waitwao chozi wanakuja wenyewe. Chozi dume ukimwona kivulini ni mweusi. Akigeuza shingo jua likamkuta, anageuka shaba na kijani kwa nusu sekunde. Hiyo nusu sekunde nimeisubiri siku kumi na moja.

Toa ndizi. Usitoe tena hata maganda. Nendeni na jirani pamoja mfunge madirisha ya jikoni kwa wavu.

Section58

Mtoto alichomwa, asante kwa kuuliza. Ndizi nimetoa. Leo jioni naenda kwa jirani.

Mpita_Njia_Nyahururu

Mmenikumbusha Septemba 2008, kijiji cha Busara huku kwetu. Mawe yalianguka yakashikana yakawa zulia moja, mlima mzima mweupe. Watu waliamini ni theluji, walikuwa wakiila. Wataalamu wa hali ya hewa walikuja kueleza kwamba ni mawe. Nilikuwa kijana, nilipiga picha moja kwa simu ya zamani, na sasa ndiyo naelewa kwa nini imetoka ya kijivu. Kwa miaka yote hii nilidhani ni kumbukumbu yangu iliyoongeza weupe.

NyarDunga

Amerudi!

Jana saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla sijatandaza omena. Nilifanya ulivyosema, nikaamua kila kitu mwenyewe, nikampima, onyo halikupepesa. Alipita mbele ya mafunjo, akapita mbele ya mashua ya bluu ya shemeji, akasimama kwenye maji. Weupe ni ule ule kwenye picha zote. Ukisogeza karibu unaona kila unyuzi wa yale manyoya ya mgongo, na kwenye ncha ya mmoja kuna tone la maji ambalo mimi kwa macho sikuliona kabisa. Nimemwonyesha mama mkwe, akaniuliza ni ndege gani huyo mzuri, na anamwona kila siku ya maisha yake.

MajaniMawili

Nimesoma ya Mwalimu kuhusu yule mkulima wa Vermont.

Jumatano mawe yalirudi, safari hii madogo. Binti yangu wa darasa la sita alitandaza mfuko mweusi wa nailoni mlangoni, akalipasua jiwe moja katikati kwa kisu cha moto, akalipiga picha na simu yangu kabla halijayeyuka. Ndani lina miviringo kama kitunguu: jeupe kama maziwa, halafu angavu, halafu maziwa tena. Nimemweleza kwamba upepo wa wingu ulilibeba juu likiongezewa barafu tabaka kwa tabaka, hadi likawa zito na kuanguka. Akaniuliza, kwa hiyo lilikaa juu kule muda wote huo kabla ya kutuangukia? Nikamwambia ndiyo.

Mnana wameanza kujenga tena, mti ule ule. Nimehesabu viota vitatu. Safari hii nitapiga, kutoka dirishani.

Mwalimu_Shinyalu

Naomba ile picha ya jiwe, kaka, ukiruhusu. Nitaibandika darasani na jina la binti yako chini yake.

MamaKwenzi

Mwalimu, na wewe MajaniMawili, kuna jambo nataka tulifanye pamoja. Kila Februari kuna zoezi la siku nne la kuhesabu ndege wa uani. Lilianzishwa Marekani mwaka 1998 na watu wa Chuo Kikuu cha Cornell na wa Audubon, shirika la kulinda ndege, na tangu 2013 liko wazi kwa dunia nzima. Unakaa mahali pako angalau dakika 15, unaandika ndege uliowaona na idadi yao, unatuma kwa simu. Nilikuwa nikishiriki kule nikiwa na glavu mbili mbili na daftari lililoganda. Ua wa Lanet, ua wa Dunga, shamba la Kericho, uwanja wa shule ya Shinyalu, vyote vinahesabika sawa na ua wowote wa Minnesota. Picha zitatusaidia kumtambua ndege tusiyemjua. Nitaweka maelezo ya kujiandikisha hapa hapa Januari ikifika.

Habari za huku: leo asubuhi kwenzi wamerudi, wanne. Mmoja alikuwa na unyasi mrefu mdomoni. Nilimfuata kwa macho hadi kwenye mgunga wa jirani, akaingia ndani kabisa penye miiba, akatoka bila unyasi. Gunia langu lilikuwa njiani mwake. Nimelirudisha nyuma hadi mlangoni, na hapo litakaa mpaka makinda watoke.